Habari za Herufi Nene za Mlazo

Mtu apitaye katika barabara za mji mkubwa, uwe ni Mombasa, Nakuru au Nairobi, huona kwamba kuta nazo zina maneno yake. Yako maneno yaliyosimama wima kama askari wa gwaride, na yako mengine yaliyoinama upande wa kulia, manene, meusi, mfano wa mtu anayekimbia huku ametanguliza kifua. Utayaona juu ya milango ya maduka ya viatu, katika matangazo ya michezo, na ubavuni mwa matatu ambayo huenda imeharibika na haisogei, lakini herufi zake zinakwenda mbio. Habari za herufi hizo zilizoinama ndizo nitakazo kuzieleza hapa. Huitwa za mlazo kwa kuwa zimelala kidogo, na nene kwa kuwa nguzo zake zimevimba kupita kiasi cha herufi za kitabuni.

Zamani sikuziuliza zilikotoka. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu ndiye aliyenishtua. Alishika tangazo la tamasha akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini mstari huu umelala na mingine haikulala?" Nikamjibu kwamba ni pambo tu. Jibu lile lilikuwa la ovyo, na insha hii ni namna ya kumlipa deni lake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba herufi ya mlazo ilizaliwa nyembamba, yenye haya, wala haikukusudiwa kuonekana barabarani hata kidogo. Ilizaliwa katika mji wa Venice, nchi ya Italia, yapata miaka 50 baada ya Gutenberg kuanza kupiga chapa kwa herufi za madini huko Ujerumani. Katika mji ule alikuwako Aldus Manutius, mwalimu wa Kilatini na Kiyunani aliyeacha kufundisha akafungua kiwanda cha chapa karibu na mwaka 1494. Vitabu vingi vya maarifa siku zile vilikuwa vikubwa na vizito, vya kuwekwa juu ya meza. Aldus alitaka kitabu ambacho msomaji aweza kukichukua mkononi, akasome bustanini au safarini. Alikuwa na fundi wa kuchonga herufi, Francesco Griffo wa Bologna. Griffo akatazama mwandiko wa makarani wa Italia, ambao kwa kuandika upesi mchana kutwa kalamu zao zilikuwa zimezoea kuinama, akauiga mwandiko ule katika feleji. Mwaka 1501 wakatoa mashairi ya Virgil, kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa chote kwa herufi za mlazo. Kimo chake kilikuwa kidogo: karatasi moja ya kiwandani ilikunjwa mara tatu ikatoa majani 8, yaani kurasa 16. Hata hivyo herufi kubwa, zile za mwanzo wa mstari, hazikulazwa. Zilisimama wima, ndogo, kama wazazi wanaowatazama watoto wao wakicheza.

Kitabu kile kilipendwa, na kilichopendwa kikaibwa. Aldus alipata haki kutoka kwa serikali ya Venice kwamba mtu mwingine asitumie herufi zile, lakini amri ya Venice haikufika Ufaransa. Wapiga chapa wa mji wa Lyon wakaziiga herufi, wakaiga na vitabu. Mwaka 1503 Aldus akatoa tangazo la hadhara, akiorodhesha makosa yaliyomo katika vitabu vya Lyon ili wanunuzi wavitambue. Wezi wale wakamshukuru kimoyomoyo: walilitwaa tangazo lake wakalitumia kusahihisha makosa yao. Na Griffo je? Alitajwa kwa sifa mwanzoni mwa kitabu cha Virgil, lakini haki ya serikali ilikuwa ya Aldus peke yake, na fundi hakuweza kuwauzia watu wengine kazi ya mikono yake mwenyewe katika nchi ile. Waliachana. Baadaye Griffo alirudi kwao Bologna, akashtakiwa mwaka 1516 kwa kumuua mkwewe kwa kipande cha chuma, na habari zake zikakoma hapo. Lugha nyingi za Ulaya huziita herufi za mlazo kwa jina la nchi ya Italia, na fundi aliyezichonga hakuachiwa hata jina moja la kukumbukwa nalo.

Kwa muda herufi ya mlazo iliendelea kutawala vitabu vizima. Halafu ikapunguzwa cheo, ikawa mtumishi ndani ya ukurasa wa herufi za wima. Ilipewa kazi ya kutenga neno moja na mengine: neno la kigeni, jina la kitabu, au neno linalotakiwa kusemwa kwa mkazo. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa Geneva mwaka 1560, maneno yaliyoongezwa na wafasiri ili sentensi ipate maana yalilazwa, msomaji ajue kwamba hayamo katika asili. Huu ulikuwa ugeuzi mkubwa kuliko udhaniwavyo. Tangu hapo mlazo si mwandiko tu, bali ni ishara. Husema, "Angalia, neno hili si kama wenzake." Alama itumikayo kusema "angalia" kwa sauti ya chini, ipo siku mtu ataona inafaa kusema "angalia" kwa kelele.

Siku hiyo ilifika London, mwanzoni mwa karne ya 19. Mji ule ulikuwa na watu karibu milioni 1, na viwanda vilivyoendeshwa kwa mvuke vilikuwa vikitoa bidhaa nyingi kuliko watu walivyozoea kununua. Kila mwenye duka, mwenye gari la abiria, mwenye mchezo wa kuigiza na mwenye dawa ya kikohozi alitaka kujulikana. Magazeti yalikuwako, lakini serikali iliyatoza ushuru mzito. Tangu mwaka 1815 kila tangazo gazetini, liwe refu au fupi, lilitozwa shilingi 3 na senti za Kiingereza 6, na ushuru huo wa matangazo haukuondolewa kabisa mpaka mwaka 1853. Tangazo la ukutani halikuwa na mzigo ule. Basi watu wakahamia kutani. Wakati huohuo mashini za chapa zilikuwa zikibadilika: bwana mkubwa mmoja, Earl Stanhope, alikuwa amebuni mashini ya chuma mahali pa ile ya mbao, nayo iliweza kukandamiza karatasi kubwa kwa nguvu iliyo sawa kila upande. Herufi nene hula wino mwingi na hudai mkandamizo mkubwa. Mashini ya mbao ingeziacha na mabaka meupe.

Mtu anayetajwa sana kuhusu unene huu ni Robert Thorne, msubu herufi wa Fann Street, London. Alizitwaa herufi za kitabuni zilizopendwa wakati ule, ambazo tayari zilikuwa na nguzo nzito na nyuzi nyembamba, akazinenepesha nguzo mpaka upana wa nguzo moja ukazidi theluthi ya kimo cha herufi. Nyuzi akaziacha nyembamba vilevile. Wasubu wenzake wakamfuata, na pamoja na herufi nene za wima wakasubu pia nene za mlazo. Wapiga chapa wa vitabu, ambao wengi wao walikuwa watu wa adabu na desturi, walichukizwa. Mmoja wao, T. C. Hansard, aliandika mwaka 1825 kumlaumu Thorne kwa mapinduzi haya. Yaliyomwudhi Hansard ndiyo yaliyompendeza mwenye duka.

Yafaa tuzitazame kwa makini. Twaa herufi H iliyo nene na ya mlazo. Ina nguzo mbili nyeusi zilizoinama, na kati yake umepita uzi mwembamba kama unywele. Weusi na weupe hupokezana kama mistari ya punda milia, na kwa kuwa mistari imeinama, jicho haliwezi kutulia juu yake, huteleza kuelekea kulia, ambako ndiko maneno yanakokwenda. Herufi ndogo zina mikia iliyopinda, na mwisho wa mkia hukaa tone jeusi kama zabibu. Herufi nene ya wima ni mtu aliyesimama mlangoni akipiga kelele. Ya mlazo ni yuleyule, ila sasa ametoka mlangoni na amekushika mkono. Kwa sababu hiyo wapanga herufi wa London hawakuitumia kwa tangazo zima. Waliweka mistari mitatu au minne ya wima, kisha mmoja wa mlazo, na katika huo wakatia neno la kuharakisha: leo, kesho, usiku wa mwisho, zimebaki chache.

Wasidhani wasomaji kwamba ni kazi rahisi kuilaza herufi. Ukichora o ya duara iliyo nene mbavuni, halafu ukaisukuma juu yake kwenda upande, utaona unene umekimbilia pembe mbili na pembe nyingine mbili zimekonda, na o yako imekuwa kama yai lililokaliwa. Fundi halisi huichora upya kila herufi, akiongeza hapa na kupunguza pale, mpaka ionekane imelala na bado ina afya. Kazi haiishii kwenye mchoro. Herufi za zamani zilichongwa kwanza kwenye ncha ya feleji, feleji ikagongwa juu ya kipande cha shaba ikaacha shimo la umbo lile, na katika shimo hilo, likiwa ndani ya kalibu, ikamiminwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Kila herufi ilitoka ikiwa juu ya kijiti cha risasi chenye pande nne zilizonyooka. Hapa ndipo taabu ilipo, kwa maana kijiti kimenyooka na herufi imeinama! Kichwa cha f au cha l hutokeza nje ya kijiti chake na kuning'inia juu ya jirani. Kikigongwa kidogo huvunjika. Wapanga herufi walizishika herufi za mlazo kwa uangalifu kama mtu ashikavyo mayai, na hata hivyo droo zao zilijaa f zisizo na vichwa.

Sasa nitasema juu ya kazi moja ya herufi hizi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nizitazame kwa jicho lingine. Serikali ya Uingereza ilikuwa na bahati nasibu yake, iliyoanza mwaka 1694, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 wakala wake walikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa matangazo ya kuta. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Thomas Bish. Tikiti nzima ilikuwa ghali, hivyo iligawanywa vipande, hata kipande cha moja ya 16, ili maskini naye aweze kununua. Vikaratasi vya Bish na wenzake vilijaa herufi nene, za wima na za mlazo, na tarakimu za maelfu ya pauni zilizovimba kuliko maneno yote. Masharti yalikuwa chini, kwa herufi za kitabuni, membamba, wima, yenye heshima, ambayo hakuna aliyeyasoma. Mwaka 1808 kamati ya Bunge ilichunguza mambo ya bahati nasibu ikaeleza madhara yake kwa watu wa hali ya chini, waliofika hata kuweka rehani vyombo vya nyumba. Serikali ilisikia, lakini ilipenda mapato. Ikapita miaka 18 tena kabla ya mchezo wa mwisho kuchezwa, tarehe 18 Oktoba 1826, na katika miezi ile ya mwisho magari yenye mabango makubwa yalizungushwa mitaani kuwahimiza watu wasipitwe.

Mimi siwacheki watu wale. Nilipomaliza shule nilisimama mbele ya ukuta mmoja wenye bango la manjano, na juu yake maneno mawili ya mlazo, manene, mekundu: KAZI LEO. Chini yake palikuwa na maelezo madogo ambayo niliyapitia kwa macho bila kuyasoma. Nililipa shilingi 500 za kujiandikisha, fedha ambazo mama alizipata kwa kuuza kuku. Niliporudi siku ya tatu mlango ulikuwa na kufuli, na bango lilikuwa bado linakimbia ukutani. Nilisimama nikalisoma upya, safari hii hata maneno madogo. Hayakuwa yameahidi kazi yoyote. Kilichoahidi ni ule mlazo.

Tumrudie Thorne. Alifariki mwaka 1820, na kiwanda chake kikauzwa kwa mnada. Aliyekinunua, William Thorowgood, hakuwa msubu herufi. Inasemekana fedha alizonunulia alizipata kwa kushinda bahati nasibu! Kama ni kweli, basi mtu mmoja kati ya maelfu waliovutwa na herufi zile alipata faida, naye akaenda kuzinunua herufi zenyewe. Thorowgood alizitoa herufi nene za Thorne katika vitabu vyake vya vielelezo, za wima na za mlazo, na jina lake likashikamana nazo kuliko jina la aliyezianzisha. Griffo angalimwelewa Thorne.

Baada ya hapo unene ulisafiri. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito mno na zilipasuka zilipopoa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashini ya kuchonga herufi za mti kwa wingi, na mwaka uliofuata akatoa orodha yake ya kwanza ya bei. Mti ulikuwa mwepesi na rahisi, nayo herufi iliweza kuwa na kimo cha mkono wa mtu. Matangazo ya maonyesho na ya minada yakafunika kuta za Marekani pia. London kuta zilijaa hata ikabidi sheria ya polisi ya mwaka 1839 ikataze kubandika karatasi kwenye nyumba ya mtu bila idhini yake. Mwishoni mwa karne ile mitindo ilibadilika, watu wakachoka na uzito, na herufi nene zikawekwa chini kabisa ya droo.

Hazikufa. Mwaka 1928 Morris Fuller Benton alichora Marekani herufi nene za namna ileile. Mwaka 1938 mwanamke wa Kiingereza, Nicolete Gray, alitoa kitabu juu ya herufi za karne ya 19, akizichukulia kuwa sanaa ya watu inayostahili kusomwa, si takataka za wapiga chapa wa mabango. Na mwaka 1953 kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, kilichokuwa kimerithi mali ya Fann Street, kikazitoa tena zile nene za wima na za mlazo kwa jina la Thorowgood. Zilionekana mpya kabisa. Vijana walioziweka kwenye majalada ya vitabu na masanduku ya biskuti hawakuwa wamezaliwa wakati vikaratasi vya Bish vilipotupwa, wala baba zao, na kwao mlazo ule mzito ulikuwa na uchangamfu tu, bila harufu ya rehani.

Leo kompyuta hulaza herufi yoyote kwa kubonyeza mara moja, na ndiyo maana kuta zetu zimejaa o zilizokaliwa. Mkitaka kuijua kazi ya fundi na ile ya mashini, tazameni a ndogo. Mashini huiacha a ileile ya wima, imesukumwa. Fundi hubadilisha umbo lenyewe, akaandika a kama iandikwavyo kwa mkono, tumbo moja na mkia, kwa kuwa anakumbuka, au alifundishwa na aliyekumbuka, kwamba herufi hii ilianza katika kalamu ya karani mwenye haraka.

Mwanafunzi yule aliyeniuliza sasa anafundisha shule ya mbali. Nimesikia kwamba huwapa watoto wake tangazo lolote la barabarani na kuwaambia waanze kulisoma kutoka chini.